Fimbo ya kuvulia kwa mkono uliodhoofika

Juma lililopita nilidokeza katika ukurasa huu kwamba nilikuwa nikimtengenezea baba yangu fimbo ya kuvulia samaki, na kwamba kazi hiyo ilinichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Baadhi yenu mmenisimamisha njiani, na mmoja mlangoni mwa msikiti, mkitaka kujua vipi mtu huitengeneza fimbo kwa mikono yake, na kwa nini asinunue iliyo tayari. Swali la pili ndilo lenye uzito, nami nitaanza nalo.

Baba alikuwa fundi wa reli hapa Tabora. Alistaafu zamani, na tangu alipostaafu mapumziko yake makubwa yalikuwa lambo la Igombe, kaskazini mwa mji wetu. Huondoka baada ya swala ya alfajiri na mwanzi wake begani, akarejea kabla ya adhuhuri na perege wanne au watano, siku nyingine mmoja, siku nyingine hana kitu. Miaka miwili iliyopita alipatwa na kiharusi. Alhamdulillah, ulimi ulirudi na mguu ukarudi, lakini mkono wa kulia umebaki dhaifu. Anaweza kushika kijiko, na tasbihi anaihesabu polepole, ila kitu chochote kizito kidogo kinamtoka vidoleni. Mwanzi wake wa zamani ulisimamishwa nyuma ya mlango na ukabaki hapo.

Ndugu yetu mmoja aliyekwenda Dar es Salaam alimletea fimbo nzuri ya dukani, yenye rangi ya kung'aa na rili yake. Tulifurahi sote. Mzee aliishika ukumbini, akaiinua, akaikaza kwa sekunde chache, kisha ncha ikaanza kushuka taratibu mpaka ikagusa mkeka. Hakusema neno. Aliilaza chini, akasema imetengenezwa vizuri, akaomba chai. Wanaoishi na wazee wanaijua adabu ya namna hiyo. Nami usiku ule niliamua kwamba kama fimbo inayomfaa haiko dukani, basi itabidi iundwe kwa kipimo chake, kama vile kanzu inavyokatwa kwa kipimo cha mvaaji.

Nilifanya kosa ambalo nadhani kila mwanafunzi wa kazi hii hulifanya: nilianza kufikiria fimbo. Nikawaza urefu wake, rangi yake, aina ya rili. Baba ndiye aliyenirudisha. Aliniuliza, "Mwanangu, unamtafuta samaki gani?" Nikasema perege. "Basi anza kinywani mwake."

Perege ana kinywa kidogo na midomo laini. Hashambulii chambo kama kambare, ambaye hufungua kinywa kama mlango wa ghala. Yeye huonja, hutema, huonja tena. Ukimvuta kwa nguvu, ndoana hupasua mdomo na samaki huenda zake na jeraha, jambo ambalo mzee halipendi kabisa. Yeye ana msimamo wake kuhusu uvuvi: samaki anayetolewa majini ni wa kuliwa, na kumwumiza kiumbe kwa mchezo tu si tabia ya Mwislamu. Nimesoma kwamba huko Marekani wapo samaki wa maziwani waitwao crappie, ambao wavuvi wenyewe huwaita kwa utani "mdomo wa karatasi" kwa jinsi midomo yao inavyopasuka upesi, na kwamba fimbo za kuwavulia ni ndefu, nyembamba na laini nchani. Wao wana crappie, sisi tuna perege, na fimbo inayowafaa ni ya namna moja.

Kwa hiyo orodha yangu ilianzia majini ikapanda juu. Kwanza ndoana. Katika ndoana ndogo, namba ikizidi kuwa kubwa ndoana huzidi kuwa ndogo. Wengi hulisahau hili sokoni na kurudi na ndoana za kambare. Kwa perege wa Igombe nilichagua namba 8 na namba 10, zenye waya mwembamba, kwa sababu waya mwembamba huingia bila kuhitaji mvuto mkubwa, na mvuto mkubwa ndio ambao mkono wa mzee hauwezi kuutoa. Kisha mshipi. Mzee alizoea mshipi mnene wa kufungia nyavu, na hapo tulibishana kidogo. Nilimweleza kwamba mshipi mnene huhitaji chubwi zito ili unyooke, chubwi zito huhitaji boya kubwa, na boya kubwa perege akilivuta hulihisi akatema chambo. Tulikubaliana kwa nailoni ya milimita 0.20 hivi, ambayo hubeba takriban ratili sita. Hakuna perege wa lambo letu anayehitaji zaidi ya hapo, mradi ufito ulio juu yake ni laini.

Kuhusu chubwi, wazazi sikilizeni. Vipande vidogo vya risasi vinavyobanwa kwenye mshipi, watoto hupenda kuvibana kwa meno. Risasi ni sumu, na mwilini mwa mtoto hudhuru zaidi kuliko mwilini mwa mtu mzima. Wapeni koleo ndogo, na mikono ioshwe kabla ya kugusa chakula. Boya sitalizungumzia sana: kipande cha ndala iliyochakaa, au bua kavu lililofungwa nta mwishoni, latosha kabisa.

Sasa ufito wenyewe, yaani mwili wa fimbo kabla haujafungwa kitu. Hapa ndipo nilipokaa siku nyingi.

Mwanzi ni wa kwetu, haununuliwi kwa bei kubwa, nao hupinda vizuri. Lakini si kila mwanzi. Ukikatwa mchanga hubonyea ukikauka na kupata mikunjo. Unaofaa ni uliokomaa miaka mitatu au zaidi, ukakatwa wakati wa kiangazi ambapo maji yamepungua ndani yake, kisha ukakaushwa kivulini kwa majuma kadhaa, si juani, kwa sababu jua huupasua. Ulipopinda hupitishwa juu ya makaa yasiyo na moto na kunyooshwa taratibu ukiwa ungali na joto. Moto huo pia hupunguza fukusi. Ipo mianzi ya mwitu katika nchi hizi za miombo ambayo shina lake karibu halina tundu. Ni imara mno, lakini kwa sababu hiyo hiyo ni mizito, na kwa mkono wa baba haikufaa. Yule mwanzi wake wa nyuma ya mlango ulikuwa wa namna hiyo. Nilipoupima kwa mizani ya dukani ndipo nilipoelewa alivyokuwa na nguvu zamani.

Aina ya pili ni faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi. Ni nzito kuliko ya tatu nitakayoitaja, lakini ni mvumilivu. Mtoto ataikanyaga, ataisahau juani, ataigonga kwenye baiskeli, nayo itaendelea. Kwa vijana wenu wa miaka kumi na kuendelea, sina ushauri mwingine ila huo au mwanzi.

Ya tatu ni kaboni. Ni nyepesi kupita zote, na mtikisiko mdogo kabisa wa samaki hufika mkononi. Ila ikigongwa kwenye jiwe hupata ufa usioonekana, ikaja kukatika siku nyingine pasipo sababu unayoiona. Tena, na hili ni muhimu kwetu tunaoishi penye radi nyingi kuanzia Novemba mpaka Aprili, kaboni hupitisha umeme. Mtu aliyesimama ukingoni mwa lambo na fimbo ya kaboni ya mita tatu mkononi wakati wingu linanguruma anajiweka katika hatari kubwa. Vilevile chini ya nyaya za umeme. Nimeafikiana na baba kwamba ngurumo ya kwanza ikisikika, fimbo hulazwa chini na watu huondoka ukingoni, hata kama boya linacheza.

Kwa nini basi nilichagua kaboni? Kwa sababu ya hesabu ya mzani, ambayo mzee aliifahamu kabla yangu. Unapoishika fimbo ndefu karibu na kitako, gramu moja iliyo mita tatu mbele ya mkono wako hukuelemea mara kumi kuliko gramu iyo hiyo ikiwa sentimita thelathini mbele yako. Ile fimbo ya dukani haikuwa nzito ukiiweka kwenye mizani. Uzito wake ulikuwa umekaa pabaya.

Hapo baba alinikumbusha wapagazi. Wasomaji wa Tabora hamhitaji kuelezwa kuhusu njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji. Miembe yake bado inatutilia kivuli. Katika karne ya 19 fedha ya njia hiyo ilikuwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Nguo zilifungwa mtumba ukawekwa begani. Nyaya, kwa kuwa ni nzito na zimekunjwa mviringo, zilining'inizwa huku na huku kwenye mti mmoja, ndio mzega. "Mpagazi wa Kinyamwezi," alisema mzee, "hakuuliza mzigo una uzito gani peke yake. Aliuliza umekaa wapi." Nikaandika maneno hayo kwenye daftari langu la vipimo, chini ya neno ufito.

Kupata ufito mtupu wa kaboni madukani mwetu ni tabu. Nilichopata ni fimbo ya mtumba ya vipande viwili iliyopoteza pete zake karibu zote, mpini wake umeoza, kiti cha rili kimevunjika. Muuzaji alikuwa akiuza kama fimbo ya kuelekezea ubaoni. Kwa urefu ilikuwa mita tatu kasoro kidogo. Urefu huo una faida mbili: humwezesha mvuvi kukishusha chambo wima pembeni mwa magugu, mahali perege wanapojificha, bila kurusha, na humwezesha kusimama pakavu. Hili la pili silitaji kwa ajili ya wazee tu. Kichocho huingia mwilini kwa kupitia ngozi, mtu anaposimama katika maji yenye konokono wake, na malambo yana konokono. Watoto wanaovua kwa vijiti vifupi huingia majini hadi magotini. Fimbo ndefu huwaweka ukingoni.

Nilipoileta nyumbani baba aliuliza imetengenezwa kwa nini. Nikasema kaboni. Akauliza kama ni mkaa wa Sikonge. Nikamwambia asili yake ni moja, akacheka hadi akakohoa. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alichukua kijiko cha mti kwa mkono wa kushoto, akaanza kuugonga ufito taratibu, kutoka kitako hadi ncha, huku ameinamisha sikio. Kazini kwake, miaka mingi, aligonga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo na kusikiliza: gurudumu zima hulia, lenye ufa hukwama sauti. Aligonga kipande cha kwanza, akatikisa kichwa kukubali. Cha pili vilevile. Nami nikajua kwamba kuanzia hapo fimbo hii tunaitengeneza wawili.

Kabla ya kufunga pete hutafutwa uti wa mgongo wa ufito. Kila ufito, kwa jinsi unavyoviringishwa kiwandani, una upande mmoja mgumu zaidi ya pande nyingine. Simamisha kitako chake juu ya sakafu laini, ushikilie karibu na ncha kwa kiganja kilicho wazi, bonyeza katikati upinde kidogo, kisha uuzungushe. Utahisi unaruka wenyewe na kutulia mahali pamoja. Weka alama hapo. Pete zifungwe kwa kufuata mstari huo, ama sivyo ufito utajipinda mkononi kila samaki anapovuta, na mkono wenye nguvu hautajali, lakini mkono dhaifu utashindwa kuuzuia.

Pete ni vile vikuku vidogo ambamo mshipi hupita. Kanuni ya kawaida ni moja kwa kila futi ya ufito na moja ya nyongeza, ila kwa hesabu ile ya mzani nilitamani kuzipunguza. Nilipojaribu na chache, mshipi uligusa ufito ulipopinda, ukasuguana nao. Nikarudi kwenye kanuni: tisa na ile ya nchani. Badala ya kupunguza idadi, nilipunguza ukubwa. Pete ya kwanza karibu na rili ni pana, ili iupokee mshipi unaotoka kwa mizunguko. Zinazofuata hupungua upesi, na za mwisho ni ndogo kiasi kwamba mzee hawezi kuziona bila miwani, zenye mguu mmoja tu badala ya miwili. Za kauri ni bora kwa ulaini wake. Za chuma cha pua zinatosha kwa nailoni. Lakini mkitumia mshipi wa kusuka, jihadharini, kwa sababu huo hukata chuma laini taratibu, na pete iliyochorwa mfereji hukata mshipi nayo kwa zamu yake.

Sasa nikiri kosa langu. Pete hufungwa kwa uzi juu ya mguu wake, duara kwa duara bila nafasi, kisha uzi hupakwa gundi au vanishi. Sisi wa Tabora ni watu wa nyuki, na nilikuwa nimewaona washona viatu wakipitisha uzi katika nta kabla ya kushona ili ushike na usiingie maji. Nikadhani nimegundua siri ya kienyeji. Nikaupitisha uzi wote katika donge la nta safi ya msitu, nikafunga pete zote kumi kwa jioni mbili, nikapaka gundi. Asubuhi gundi ilikuwa imejikusanya vitone vitone kama umande juu ya jani la mgomba. Haikushika popote. Nta hukataa maji, na kwa tabia hiyo hiyo hukataa gundi. Nilifungua uzi wote, nikafuta ufito kwa spiriti, nikaanza upya kwa uzi mkavu wa nailoni.

Nta haikupotea bure, hata hivyo. Mahali pake pa haki ni kwenye kiungo, pale vipande viwili vya ufito vinapoingiana. Ukipaka nta kidogo sana hapo, vipande havijilegezi wakati wa kuvua wala havigandani wakati wa kufungua. Mkono wa mzee hauwezi kung'oa kiungo kilichoganda. Sasa anakifungua mwenyewe.

Gundi niliyotumia ni ile ya mirija miwili inayochanganywa. Pima sawa kwa sawa, wala usikadirie kwa macho: ikizidi upande mmoja hubaki inanata milele. Iko inayokauka kwa dakika tano, na iko inayokauka kwa saa nyingi. Ya dakika tano inafaa kugundisha mpini, lakini juu ya nyuzi huwa ya njano na hupasuka ufito unapopinda. Ile ya polepole ndiyo ya nyuzi, ila nayo ina sharti: ufito ugeuzwe mfululizo mpaka gundi ianze kukaza, ama sivyo itashuka upande mmoja na kufanya matone. Viwandani wana mashine. Sisi tulikuwa na wajukuu wanne. Tuliulaza ufito juu ya viti viwili vilivyokatwa meno ya kadibodi, nao wakapokezana kuugeuza baina ya Asr na Isha, huku babu yao amekaa kitini akiwahesabia. Walipochoka alianza kuwasimulia habari za treni ya Kigoma. Sijawahi kuwaona wametulia muda mrefu kiasi kile bila simu mkononi.

Tabaka liwe jembamba, tena moja likitosha lisiongezwe. Gundi nyingi nchani ni uzito mahali pabaya.

Mpini ndio uliotupa mjadala mrefu. Ngozi ya mgando wa mti ambayo hutumika kwa mipini ya kizungu, ile ya vizibo vya chupa, ni ghali na si rahisi kuipata. Mninga ni mzuri kwa macho lakini ni mzito. Mpira wa ndani wa baiskeli ukizungushiwa hushika vizuri, ila hupata joto juani. Hatimaye tulikwenda kwenye ndala. Nilikusanya ndala kuukuu za nyumba nzima, nikaziosha, nikakata vidonge vya duara, nikatoboa kila kimoja katikati kwa bomba la chuma lililonolewa, nikavipanga kwenye ufito kimoja baada ya kingine kwa gundi. Vilipokauka nilivichonga kwa tupa, kisha kwa msasa. Vina rangi ya bluu, nyeupe na nyekundu kwa zamu, na mke wangu amesema kwa uungwana kwamba vinapendeza. Ni vyepesi, havinywi maji, na mkono wenye jasho hauterezi juu yake.

Urefu wa mpini ndio uliobadilisha kila kitu. Tulikuwa tumefikiria kwamba mzee ataishika fimbo kwa mkono wa kulia kama zamani, na kila tulichojaribu hakikufaa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyemhudumia alikuwa amesisitiza kwamba mkono dhaifu usiachwe bila kazi, ila upewe kazi unayoiweza. Basi tukageuza. Mkono wa kushoto, ulio mzima, ndio ushike fimbo. Wa kulia uzungushe rili tu. Rili nyingi za siku hizi mkono wake unaweza kuhamishwa upande wowote kwa kufungua parafujo moja. Na mpini tukaurefusha hadi ukapita chini ya kigasha na kufika karibu na kiwiko, ili kitako cha fimbo kiegemee kigashani. Kifundo cha mkono hakibebi tena mzigo wote.

Kisha tukautafuta mzani. Niliifunga rili kwa utepe wa muda, bila kiti, nikailaza fimbo juu ya kidole kimoja mbele kidogo ya rili. Ikaangukia mbele. Nikairudisha rili nyuma, bado. Nikabadilisha, badala ya rili ndogo kabisa niliyokuwa nimeinunua kwa kujisifu, nikaweka nzito kidogo zaidi. Fimbo ikakaa sawa juu ya kidole, ikitikisika kama mizani ya dhahabu. Jumla ya uzito ilikuwa imeongezeka, na mkononi ilikuwa nyepesi zaidi. Baba aliitazama, akasema neno moja: "Mzega." Hapo ndipo kiti cha rili kilipogundishwa.

Kifundo cha kuzungushia rili kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi, na vidole vyake haviwezi kubana kitu kidogo. Nilikichongea tufe la ndala linaloenea kiganjani. Sasa hahitaji kubana. Anaweka kiganja na kuzungusha.

Gharama? Sehemu kubwa ilikwenda kwenye rili na pete. Kama mnataka kupunguza, punguzeni kwenye rili, kwa sababu kwa perege kazi yake ni kuhifadhi mshipi tu. Msipunguze kwenye pete ya nchani, ambayo hubeba sehemu kubwa ya msuguano. Na mtu mwenye mikono mizima anaweza kuacha rili kabisa, akafunga mshipi nchani mwa mwanzi kwa urefu sawa na mwanzi wenyewe, kama babu zetu. Kabla ya kwenda popote ulizeni kwa ofisa uvuvi wa wilaya maji yapi yanaruhusiwa na kwa masharti gani. Wanaozoea kuelekea Ugalla wakumbuke kwamba tangu 2019 sehemu ya mto ule imo ndani ya hifadhi ya taifa.

Jumamosi tulikwenda Igombe. Tulisali alfajiri nyumbani, tukafika ukungu ukiwa bado juu ya maji. Baba alikaa kwenye kigoda, mjukuu mkubwa akamtilia chambo cha ugali uliokandwa na unga wa dagaa. Alikishusha pembeni mwa magugu. Fimbo ilikaa kigashani kwake, ncha haikushuka. Nilihesabu kimya kimya: dakika moja, mbili, tano. Mara mbili boya lilitikisika na mara mbili alichelewa. Ya tatu aliinua kidogo tu, si kwa kuvuta, ncha ikapinda kama shingo ya korongo, na mkono wa kulia ukaanza kuzungusha. Ulizungusha, ukasimama, ukatetemeka, ukazungusha tena. Sikumsaidia. Mjukuu alitaka kumsaidia, nikamshika bega.

Alikuwa perege wa kiganja kimoja. Baba alimtazama kwa muda, akasema bismillah, akamweka kwenye kikapu. Kisha akaniambia mpini umezidi kwa vidole viwili, unamchoma kiwikoni anapogeuka, na kwamba pete ya tatu kutoka nchani haikukaa kwenye mstari. Nimeukata mpini juzi. Pete ya tatu nimeitazama kwa miwani yake mwenyewe, na ni kweli, imepinda kidogo sana. Nitaifungua kesho, inshaallah.